Cheri Ndani ya Nyama ya Idi

Mume wangu alikwenda Nizwa kununua mbuzi wa Idi Kubwa, akarudi na mbuzi na maboksi manne ya cheri. Mbuzi nilimtarajia. Nilipomuuliza nani atakayekula maboksi manne ya tunda lisilokaa hata wiki, na sisi nyumbani tumebaki wawili, akanijibu kwa utulivu wake ule unaonipandisha mori: "Muuzaji alikuwa na haraka." Ati muuzaji ndiye mwenye haraka, na mie ndiye wa kuhangaika.

Boksi moja lilikuwa limeshapungua nusu. Alikuwa kayapanga nyuma ya pikapu pamoja na mbuzi, na kutoka Nizwa mpaka kwetu Ibra si karibu, na mbuzi hakuona sababu ya kusafiri na njaa. Nilimkuta midomo imemwiva kama ya bibi harusi. Kwa hivyo mtu akisema mie ndiye wa kwanza mtaani kwetu kuchanganya cheri na nyama, huyo hajui habari. Aliyenitangulia ni mbuzi mwenyewe.

Watu wa hapa cheri huzila hivi hivi kutoka bakulini, baada ya tende na kahawa, na anayetaka kujionesha hupika jamu. Jamu kwangu haipikwi. Mume wangu ana sukari, na akiambiwa aonje kidogo huonja kwa upawa. Friji lilikuwa limejaa vitu vya Idi, joto la Juni lilikuwa limeshapamba moto, na zile cheri zilikuwa zimekaa sakafuni jikoni zinaningoja. Nikakata shauri kwamba zitaliwa, na zitaliwa kwa chumvi.

Nikampigia simu mama. Mama anakaa Sur kwa kaka yangu, na ingawa ameishi Omani zaidi ya nusu ya umri wake, jiko lake halijapata kutoka Unguja Mjini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, nikamweleza msiba wangu.

"Zina ukali?" akaniuliza.

"Kidogo. Utamu umezidi."

"Basi tia kwenye mchuzi, badala ya mbirimbi."

Mbirimbi ni tunda kali la kwetu Unguja, dogo na refu, hutiwa kwenye mchuzi wa samaki. Hapa halipatikani bichi, na mama hajaisamehe Omani kwa jambo hilo. Kila tunda chachu linaloingia nchini, liwe plamu, liwe tufaha la kijani, yeye hulijaribu kwanza kuona kama laweza kushika nafasi ya mbirimbi. Mpaka leo hakuna lililofaulu, lakini hakati tamaa.

Mchuzi wangu wa kwanza ulikuwa aibu. Nilichukua vipande vizuri vya nguru, nikavitia tui zito, nikamwaga bakuli zima la cheri zilizoiva kabisa, na kokwa zake humo humo. Tui likageuka rangi ya zambarau. Mume wangu akaitazama sahani yake kwa muda.

"Huu mchuzi," akasema, "umepigwa na nani?"

Lakini alikula, na kokwa akazipanga ukingoni mwa sahani moja moja ili nizione. Nikajifunza. Cheri za mchuzi ni zile ngumu, ambazo bado zina kelele mdomoni, na haziingii ila mwisho, tui limeshatulia na moto uko chini. Mara ya pili nilizitoa kokwa kwanza. Nilitumia kibanio cha nywele: unakitia pale kilipokuwa kikonyo, unazungusha, unavuta, kokwa inatoka nzima. Nikakamua ndimu, nikatia pilipili mbichi mbili zisizopasuliwa. Huo mchuzi aliurudia, na kwa mtu mwenye sukari kurudia wali si jambo la kusifiwa, lakini mie nilifurahi.

Baada ya hapo hakukuwa na wa kunizuia. Nilifanya kachumbari ya vitunguu vilivyooshwa kwa chumvi, pilipili, kotmiri na cheri zilizokatwa nusunusu, bila nyanya hata moja, nikaipakua na papa mkavu wa pwani ya Ashkhara aliyechomwa. Ule ukavu na chumvi ya papa ukikutana na maji ya cheri, basi tena. Katika vyote nilivyojaribu, hicho ndicho ambacho ningempa mgeni bila kumwomba radhi. Kwenye pilau nilizitia badala ya zabibu kavu, lakini nilizikaanga kwanza kidogo kwa samli, nikazimwaga juu wakati wali umeshakauka na unangojea kupaliwa makaa. Ukizichemsha pamoja na mchele utapata pilau ya rangi ambayo hutaki kuiita jina. Zilizoanza kulegea nilizifanya achari, kwa siki, haradali, thomu na pilipili ya unga, nikaianika juu ya paa. Jua la hapa huivisha achari kwa siku mbili, na siku ya tatu lingeweza kukuivisha na wewe.

Nikawa natembea mle jikoni kifua mbele. Na hapo ndipo wifi yangu alipoteleza bafuni akavunjika mkono.

Wifi ni dada mkubwa wa mume wangu. Ni mjane, Mungu hakumjaalia watoto, na nyumba yake na yetu zinatenganishwa na ukuta mmoja tu. Baba yao alifanya biashara Pemba miaka mingi, na wifi alichukua Kiswahili kwake, Kiswahili kifupi kifupi, ambacho hukitumia anapotaka nimwelewe bila shaka yoyote. Akikasirika hurudi kwenye Kiarabu. Kila Idi Kubwa yeye ndiye anayepaka viungo nyama ya nyumba yetu, ile inayofungwa kwa majani makavu ya mgomba, ikatiwa kwenye kanda la ukili na kuzikwa katika shimo la makaa la mtaa mzima mpaka siku ya tatu. Shuwa, ndivyo tunavyoiita. Nyumba isiyokuwa na shuwa haina Idi, na nyumba yenye shuwa mbaya itasemwa mpaka Idi nyingine.

Wenyewe wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mie nimeolewa Ibra miaka ishirini na sita, na jembe la nyama ya Idi sikuwahi kulishika. Mandazi yangu, pilau yangu, vitumbua vyangu. Nikikaribia sinia la nyama, wifi huniambia, "Wewe mtu wa pwani. Kazi yako unga na nazi." Hakuwa akisema kwa ubaya. Hata hivyo lilinichoma, na liliendelea kunichoma kila mwaka. Nililokuwa nikilitaka nalisema wazi, ingawa ni aibu kwa mwanamke wa umri wangu, aliyefanya kazi serikalini mpaka akastaafu: nilitaka wifi yangu ale nyama niliyoipaka mie, kisha aseme ni nzuri. Sikutaka zaidi ya hilo.

Siku tatu kabla ya Idi akaja, mkono wa kushoto umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko, wa kulia umebeba mfuko wa viungo. Akauweka mezani.

"Mwaka huu utapaka wewe," akasema.

Nilijifanya nautazama mfuko. Akanitajia vyote, kimoja kimoja, na vipimo vyake vya mkono: giligilani, uzile, iliki, karafuu, mdalasini, pilipili manga, thomu wa kutosha, siki. Akanitaka nivirudie mie. Nilipomaliza akaniangalia, macho yakateremka mpaka kwenye bakuli la cheri lililokuwa kando yangu.

"Usitie kitu chako," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa. Mdomo sikuutumia, na hilo nililifanya makusudi.

Wallahi nilikuwa na nia ya kutii. Kilichoniponza ni maini. Idi mosi, baada ya kuchinja, niliyakatakata maini ya yule mbuzi nikayakaanga kwa chumvi, pilipili manga na konzi mbili za cheri, tukayala na mkate mie na mume wangu tumesimama jikoni, hata sahani hatukutafuta. Yalikuwa matamu kiasi cha kunipumbaza. Mume wangu alipotoka, nikabaki na sinia la nyama mbele yangu na bakuli la mwisho la cheri. Nikajiambia nitapunguza siki, nitie cheri zilizopondwa mahali pake, kwani ukali ni ukali, na hakuna atakayejua isipokuwa ulimi wake, na ulimi wake utanishukuru. Nikapaka. Nilikaa chini, nikapaka mpaka kwenye mifupa.

Kufunga kanda nako kulikuwa mara yangu ya kwanza. Makanda yote ya mtaa huingia shimo moja, na alama ya kitambaa ingeungua, kwa hivyo kila nyumba hulifunga lake kwa waya wenye idadi yake ya mafundo. Sisi ni mawili. Mwalimu mstaafu, jirani yetu wa upande wa pili, ni matatu. Hayo niliyasikia yakisemwa maisha yangu yote ya ndoa, na sikuwahi kuyatia moyoni, maana aliyekuwa akifunga si mie. Nilifunga mafundo mawili. Nikautikisa waya, nikaona kama unalegea. Nyama yangu ya kwanza, na ilegee? Nikaongeza la tatu, nikalikaza kwa koleo. Alasiri mume wangu akalibeba kanda akalipeleka shimoni, na mie nikarudi ndani nimeridhika na nafsi yangu.

Idi tatu, kabla ya adhuhuri, wanaume wakafukua. Wifi alikuwa ameshafika kwetu, amevaa vizuri, amekaa mkekani, mkono wake wa plasta juu ya mto. Mume wangu akaingia na kanda linafuka moshi, akaliweka juu ya sinia mbele yangu jikoni.

"Mwalimu alitangulia kuchukua lake," akasema. "Hili ndilo lililobaki. Umekaza mafundo weye, utadhani nyama itatoroka."

Nikakata waya. Nikafunua majani. Nyama ilikuwa imelainika hasa, inaachia mfupa kwa kuiangalia tu, na harufu yake ilikuwa ya siki na thomu. Nikatafuta cheri. Nikageuza pande zote mbili, nikatia kidole mpaka chini. Hakukuwa na cheri hata alama. Ndipo nikakumbuka mafundo matatu ya mwalimu, na nikaelewa kwamba siku ile makanda mawili yalitoka shimoni na alama moja, na kwamba nyama iliyokuwa mbele yangu haikuwa yangu. Nilikuwa bado nimesimama na kisu mkononi pale mume wangu aliponyanyua sinia akalipeleka kwa dada yake.

Nikaenda nikakaa nao. Wifi akasema bismillahi, akamega, akatafuna polepole, macho yake kwenye mkeka. Akamega tena. Kisha akaniangalia, na alichokisema alikisema kwa Kiswahili.

"Huu mkono wa mama yangu."

Miaka ishirini na sita. Nililingoja neno zuri, nikapewa kubwa kuliko nililoliomba, na halikuwa langu. Nitasema ukweli wangu, nilikula matonge manne kwanza, na kila tonge nilijiambia kwamba hakuna atakayejua. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa fupi zaidi ya zote. Ilikuwa ukuta mmoja tu, na nyuma yake mwalimu mstaafu na watu wake wakitafuna cheri zangu. Na hata bila ya mwalimu, zile sifa hazikuwa zikishuka.

"Wifi," nikasema, "hii si nyama yangu."

Nikawaeleza yote. Fundo la tatu, na siki niliyoipunguza, na cheri. Mume wangu alikuwa na tonge nusu ya njia. Akalirudisha kwenye sinia kwa adabu, akanawa, akavaa kofia yake, akatoka bila ya kusema neno kwenda kumwomba mwalimu radhi kwa kula nyama yake ya Idi. Tukamngoja, mie na wifi, na saa ya ukutani.

Mume wangu alirudi na sinia limefunikwa. Nyumbani kwa mwalimu walikuwa wameshakula karibu nusu. Mwalimu alituma salamu, anaomba asamehewe kwa aliyoyala, na sisi tumesamehewa, na ile nyama yake iliyobaki kwetu tuile halali. Kando ya nyama, juu ya kipande cha karatasi kilichokunjwa vizuri, palikuwa na kokwa moja ya cheri niliyosahau kuitoa.

"Amesema ni amana," mume wangu akasema. "Haikuwa yake, ndiyo maana anairudisha. Na anauliza tunda gani lile, maana mkewe anataka kujua."

Alijitahidi asicheke, akashindwa, akaenda kuchekea ukumbini. Mie sikuwa na kicheko. Nikalisogeza sinia kwa wifi. Ile nyama ilikuwa imeingia wekundu mzito mpaka mfupani, na mafuta yake yanang'aa. Akamega. Nilimwangalia anavyotafuna, nikaona uso wake unavyofikiri.

"Tamu," akasema. "Imezidi. Mimi siipendi hii."

Hapo hasira zikanipanda, na zilikuwa hasira za haki na zisizokuwa za haki, zote pamoja. Nikamwambia, basi kanda langu lingefika hapa ningeambiwa hivyo, na neno lile la mkono wa mama nisingelisikia mpaka nife.

"Ungelisikia," akasema.

"Na nyama huipendi?"

"Ungelisikia vilevile. Nilikuwa nalo tayari tangu Idi mosi. Nilipita dirishani, nikakuona umekaa chini kama mama, viungo mpaka hapa." Akagusa kiwiko chake cha plasta. "Nilisema moyoni, nyama iwe nzuri, iwe mbaya, iwe mawe, leo namwambia. Siku nyingi nataka kukwambia."

Nikamuuliza, basi kwa nini hakuniambia siku hizo nyingi. Kwa nini kila mwaka ni unga na nazi.

Alianza kwa Kiarabu, akaacha, akaanza upya kwa Kiswahili chake kile kifupi ili nisikosee.

"Mimi mume sina. Mtoto sina. Kila Idi mnanigongea mlango kwa sababu ya nyama. Nikikupa wewe nyama, mtanigongea kwa nini?"

Nikamsogelea mkekani. Kwa mkono mmoja alikuwa hawezi kuiachanisha nyama na mfupa, nikawa namchambulia mie, kipande kipande, namwekea upande wake wa sinia. Nilianza na ya mwalimu. Yeye akaisukuma kando kwa kidole, akachukua ile yenye cheri, ambayo hakuipenda, akala mpaka nikaishiwa na ya kumchambulia.